Mtoto kaandika "gambolled", mwalimu kakata kaweka "gambled". Wajuzi wa Kiingereza njooni hapa

#1 MamaNeema_Dom

Habari za jioni wakuu, naomba msaada maana hapa nyumbani tumegawanyika.

Binti yangu yuko darasa la sita. Walipewa insha ya Kiingereza kuhusu likizo, yeye akaelezea alivyokaa kwa bibi yake Kongwa, jioni mbuzi wanarudi kutoka machungani na vile vitoto vilivyobaki nyumbani vikisikia tu sauti za mama zao vinaanza kuruka ruka. Akaandika "the kids gambolled". Basi mwalimu kakata lile neno kwa peni nyekundu, juu kaandika "gambled", na pembeni kaongeza kwamba watoto wadogo hawachezi kamari kwa hiyo sentensi haina maana. Maksi zimeenda.

Mtoto kalia kweli kweli. Anasema neno kalitoa kwenye kitabu cha hadithi, kulikuwa na wanakondoo. Baba yake yuko upande wa mwalimu, anasema neno hilo hajalisikia tangu azaliwe na kazini wanaongea Kiingereza kutwa. Mi moyoni naona mtoto hajakosea ila hoja sina. Naomba mnisaidie: neno lipo? Linatumika kwa nani? Na kama lipo lina undugu wowote na kamari?

#2 Kidagaa_wa_Feri

Lipo mama. Kadai maksi za mtoto.

#3 TichaMstaafu

Neno lipo na binti kalitumia mahali pake hasa. "Gambol" ni kuruka ruka na kukimbia huku na huko kwa furaha, bila kwenda popote na bila kukimbizwa na kitu. Wenye neno hilo zaidi ni viumbe wachanga: mwanakondoo, mtoto wa mbuzi, ndama, mtoto wa mbwa, hata mtoto wa binadamu. Chura anaruka lakini neno halimfai, panzi vilevile, kwa sababu kwao kuruka ndiyo kutembea. Mwanariadha wa kuruka juu naye hapana, yule yuko kazini. Lazima kuwe na mchezo ndani yake.

Halafu mwalimu huyo hapo kajikwaa mara mbili. "Kid" asili yake ni mtoto wa mbuzi, neno lililokuja na watu wa Skandinavia wa zamani, Waingereza walianza kuwaita watoto wao hivyo baadaye sana kwenye karne ya 16 na likiwa la mtaani. Kwa hiyo sentensi ya binti inasema vibuzi viliruka ruka, imenyooka kabisa. Kinachoponza ni matamshi maana "gambol" na "gamble" yanatamkwa sawasawa, ukisoma kwa sikio utaona kamari. Tahajia aliyoweka ya l mbili ni ya Uingereza, Marekani wanaweka moja.

#4 MzeeWaKete

Ticha umefafanua vizuri ila swali la tatu umelipita. Mi nasema hayo maneno ni ndugu baba mmoja mama mmoja. Angalia, mcheza kamari anacheza, mbuzi naye anacheza, matamshi yaleyale, herufi karibu zote zilezile. Lugha ya watu haiwezi kupata sadfa ya namna hiyo. Mzizi ni mchezo.

#5 Nahau_Kavu

@MzeeWaKete hapana mzee wangu. Hayo yamekutana njiani tu. "Gambol" limeingia Kiingereza mnamo 1500 kutoka Kifaransa "gambade", na Kifaransa kililichukua Italia ambako "gamba" ni mguu. Nyuma yake ni Kilatini cha baadaye, neno la mguu wa farasi pale kwenye kifundo, na nyuma yake tena Kigiriki, neno la kupinda. Kwa hiyo mwanzoni lilikuwa ni mruko wa farasi aliyefundishwa na wa mchezaji dansi, ndio likashuka kwa wanakondoo.

Sasa "gamble" ni mtoto wa neno la kale la Kiingereza lenye maana ya mchezo na furaha, ndugu wa "game" ya leo, na lenyewe kwa maana ya kamari linaonekana miaka ya 1700 tena kama neno la wahuni. Mmoja kazaliwa mguuni, mwingine kazaliwa mchezoni.

Huo mguu umeenea kila mahali, paja la nguruwe lililokaushwa Uingereza wanaita "gammon", ni uleule. Na kile chombo cha muziki cha zamani kinachofanana na fidla kubwa, viola da gamba, kimeitwa hivyo kwa sababu kinapigwa kikiwa kimebanwa miguuni.

#6 BisiMoto

Kumbe gamba ni mguu 😂 Sasa 2011 CCM waliposema kujivua gamba walikuwa wanajivua miguu?

#7 Kidagaa_wa_Feri

@BisiMoto utauharibu uzi mapema hivi. Gamba lile ni la nyoka, kaa kwa kutulia.

#8 MzeeWaKete

Nahau kavu nakuheshimu lakini nijibu hili. Kama "gamble" limetoka kwenye "game", hiyo b katikati imetoka wapi? "Game" haina b. Mi nakuambia imetoka kwa mbuzi.

#9 Nahau_Kavu

Mzee hapo umegusa penyewe, na hapo hata wenye lugha yao hawajaafikiana. Wapo wanaosema b ya "gamble" imeingia kwa kuchanganywa na "gambol", yani hicho hicho alichofanya mwalimu wa Dodoma kilitokea karne tatu nyuma kwa Waingereza wenyewe.

#10 MzeeWaKete

Si nilisema!

#11 FundiSauti

Msiende haraka. B hiyo inaweza kuzaliwa mdomoni bila msaada wa mbuzi yeyote. Tamka m halafu l haraka haraka, midomo ikifunguka kutoka kwenye m inapasuka kidogo, hapo ndipo b inapotokea. Kiingereza kimejaa mambo hayo, "thimble" ile subana ya fundi cherehani zamani haikuwa na b kabisa, ikaja yenyewe. Kwa hiyo b sio ushahidi wa undugu.

#12 MzeeWaKete

Fundi umesema "inaweza". Na mimi nasema inaweza. Tumetoshana.

#13 Farasi_C3

Mimi ni mtu wa sataranji na hapa nawaletea kitu. Kuna "gambit", pale unapotoa kitunda makusudi ufungue mchezo upate nafasi. Neno limetoka Kiitalia, "gambetto", kumtegea mtu mguu aanguke, na padri Mhispania Ruy López ndiye aliyelitumia kwenye kitabu chake cha sataranji cha 1561. Sasa mnaona? Mguu uleule umeingia kwenye kubahatisha. Unatoa kete yako hujui kama itarudi. Mzee wa Kete naona ana hoja hata kama njia yake siyo.

#14 TichaMstaafu

@Farasi_C3 hoja nzuri lakini hiyo inahusu gambit, haihamishi "gamble" kutoka kwao. Tusije tukamwambia mama Neema maneno yatakayomponza mbele ya mwalimu.

#15 Mwl_Chaki

Mimi nafundisha Kiingereza msingi nataka nimtetee mwenzangu kidogo. Darasa linakuwa na watoto wengi kuliko madawati, insha zote zinasahihishwa usiku, neno ambalo hulijui linafanana herufi saba na neno unalolijua, mkono unakwenda wenyewe. Hilo nalielewa. Nisichokielewa ni yale maneno ya pembeni, maana ukishaandika sentensi nzima ya kumkosoa mtoto ulikuwa na muda wa kufungua kamusi. Neno likikushinda zungushia duara, uliza kesho.

Mama Neema ushauri wangu, usipeleke hili kwenye grupu la wazazi. Nenda na kamusi mkononi muda wa mapumziko, muoneshe mwalimu peke yake, mwache yeye mwenyewe amrudishie mtoto maksi darasani. Ukimuaibisha mbele ya wazazi mtoto ndiye atakayelipa mpaka la saba.

#16 MamaNeema_Dom

Asanteni sana, @Mwl_Chaki hilo la grupu nilikuwa nimeshaanza kuandika nimefuta. Naendelea kusoma.

#17 Mgogo_wa_Zizini

Mi Kiingereza chenu niachieni, nataka kuongelea mbuzi wenyewe maana nimekua nao na bado ninao.

Mnasema kuruka ruka kama vile ni jambo dogo. Kaeni zizini saa kumi na moja jioni muangalie. Kibuzi cha siku chache kinasimama tu kimetulia, hakuna kilichokigusa, ghafla miguu yote minne inatoka chini kwa pamoja, kikiwa huko juu kinapinda kiuno upande, kichwa kinaenda kushoto na makalio kulia, kinatua ubavu ubavu, kinashangaa kidogo kama vile aliyeruka ni mwingine, halafu kinarudia. Kikianza kimoja vyote vinafuata. Kinapanda mgongoni kwa mama yake aliyelala, kinaruka toka pale kwenda kwenye beseni la maji, toka kwenye beseni kwenda kwenye tofali. Ukiwa na kichuguu karibu ndo wanapigania kileleni, mmoja anasukumwa anashuka mwingine anapanda.

Na muda wao ni jioni na asubuhi mapema, mchana jua kali hawaruki. Swali langu mi kwa wasomi, wanaruka kwa nini? Furaha tu? Maana babu alikuwa anasema wanaona vitu ambavyo sisi hatuvioni.

#18 DaktariWaMifugo_kijana

@Mgogo_wa_Zizini umeeleza kama vile unasoma kitabu cha tabia za wanyama. Maelezo yapo mengi. La zamani ni la Herbert Spencer, karne ya 19, kwamba mnyama mchanga anakula ananyonya analindwa, nguvu zinabaki hana pa kuzipeleka, zinatokea miguuni. Akaja Mjerumani Karl Groos 1896 akageuza meza, akasema hapana, mchezo ni mazoezi, mtoto wa mnyama anajifunza leo kile kitakachomuokoa kesho. Ukiangalia mbuzi unaona kabisa, hao asili yao ni milimani kwenye mawe, asiyejua kuruka na kutua anavunjika. Ndio maana mtoto wa mbuzi anatafuta kitu cha kupanda na mtoto wa kondoo anatafuta uwanja wa kukimbia.

Mimi niko na Groos.

#19 NjiaPanda_Seronera

Kwa ruhusa yenu niingie, mi natembeza wageni Serengeti. Hicho anachosema Mgogo miguu minne kwa pamoja tunakiona kwa swala tomi, lakini wale ni wakubwa na wala sio mchezo. Duma akitokea swala anaanza kudunda, miguu imenyooka kama vijiti, mgongo umekunjwa, ule weupe wa matakoni umefunguka. Mgeni anakuuliza mbona hakimbii? Badala ya kukimbia anaruka juu, si anapoteza muda?

Wanasayansi wamelikalia hilo hapahapa Serengeti. Tim Caro alichapisha 1986, akaonesha duma mara nyingi anaacha kuwinda swala akianza kudunda. Halafu 1988 FitzGibbon na Fanshawe wakaja na mbwa mwitu, wao wakaona mbwa anapochagua wa kumkimbiza kundini anawaacha wanaodunda sana anamfuata anayedunda kivivu. Yani yule swala anamwambia adui, mimi nina pumzi, usijichoshe.

Kwa hiyo mi naona kibuzi cha Kongwa kinafanya kitu kilekile, kinatangaza afya.

#20 Mgogo_wa_Zizini

Kinamtangazia nani mkuu? Zizini kuna mimi na mama yake.

#21 DaktariWaMifugo_kijana

@NjiaPanda_Seronera pale kuna tofauti, swala anadunda adui akiwepo, kibuzi kinaruka kikiwa salama. Ukimtisha kibuzi haruki, anakimbilia chini ya tumbo la mama yake. Na Kiingereza kimelitenga hilo, la swala wanaita "stot", neno la Waskoti la kudunda kama mpira, au "pronk" waliloazima kwa Makaburu wa Afrika Kusini kwa ajili ya springbok, swala wa kwao, maana yake kujionesha. Hakuna anayemwambia swala wa mbele ya duma kwamba ana-gambol.

#22 NjiaPanda_Seronera

Sawa daktari lakini vitoto vya swala tomi navyo vinadunda, vikifumuliwa kwenye majani vilipojificha, na Caro huyohuyo alisema huenda vile vinamuita mama, ona nimegunduliwa njoo. Sasa hiyo utaiweka wapi, mchezo au tangazo? Mi nadhani mlango ni mmoja, mruko mmoja unabeba kazi nyingi.

#23 OleKajiado254

Wasee mmesahau sisi. Adumu, ngoma ya kuruka ya Wamaasai, si ndio gambol yenyewe? Moran anaruka juu, miguu imeshikana, visigino havigusi chini. Watalii wote wanasema "jumping dance".

#24 TichaMstaafu

@OleKajiado254 hapana mwanangu, ukiliweka hilo neno pale utamshushia moran hadhi yake. Adumu ni shindano, wenzake wanaimba na sauti inapanda kadiri anavyopanda, kuna wanaotazama na kuna heshima inayotafutwa. Gambol ni ya asiyetafuta kitu. Ukisema moran ana-gambol umemfanya ndama.

#25 OleKajiado254

Hapo nimekuelewa ticha, hiyo kwa boma yetu ungelipa ng'ombe 😄 Lakini basi mtu mzima hawezi kabisa ku-gambol?

#26 MshairiWaNgamiani

Anaweza. Shakespeare kalitumia kwenye Hamlet, pale makaburini Hamlet ameshika fuvu la Yorick, yule mchekeshaji wa mfalme aliyekuwa anambeba mgongoni utotoni, analiuliza fuvu, iko wapi ile michezo yako ya kuruka ruka. Yorick alikuwa mtu mzima na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwa hiyo neno linaingia kwa mtu mzima ila mtu mzima mwenye uchangamfu wa kitoto. Na limewekwa pale kwenye fuvu makusudi, neno la kiumbe kilichojaa uhai kuliko vyote linaambiwa mfupa. Kila nikifika hapo nasimama kidogo.

#27 BisiMoto

Hamlet si ndio aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere? Twende tukaone yeye aliweka neno gani tumalize ubishi.

#28 MshairiWaNgamiani

@BisiMoto hapana. Mwalimu alitafsiri Julius Caesar, ikatoka 1963 na ikarudi imesahihishwa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi 1969. Hamlet hayumo.

#29 BisiMoto

Basi Mabepari wa Venisi. Kule kuna kukopa na kubahatisha, Mzee wa Kete atapata kamari yake 😂

#30 Mdigo_Cardiff

Salamu kutoka Wales. Huku kondoo ni wengi kuliko watu, nawaona kila mwaka, wanazaliwa kuanzia Februari na Machi na Aprili, kwa hiyo majani yakianza kuota ndo wanaruka. Jioni ndio balaa lenyewe, wanakusanyika kundi kundi kama vile wameitana, wanakimbia mbio kufuata ukingo wa shamba, wanafika mwisho wanageuka wote kwa pamoja wanarudi, njiani mmoja mmoja anachomoka juu hewani. Mama zao wanakula majani tu hawashughuliki.

Kuhusu matumizi niseme kitu, mkulima wa huku hutamsikia akisema "gambol" mdomoni. Atasema wanacheza, wanaruka. Neno hilo liko magazetini msimu ukifika, kwenye kadi za Pasaka na vitabu vya watoto. Kwa hiyo baba Neema kutolisikia kazini sishangai hata kidogo, ofisini nani anaongelea wanakondoo? Ila kwenye insha ya mtoto iliyotoka kitabuni limekaa vizuri.

#31 BabaNeema_mwenyewe

Nimeoneshwa uzi huu. Mimi nilisema sijalisikia, sikusema halipo.

#32 Kidagaa_wa_Feri

Karibu shemeji 🙌 wenyewe wamefika.

#33 KiberenGe_Uppsala

@Mdigo_Cardiff kwenye hizo habari za majira nami niongeze, huku Sweden mnyama anayeruka sio mchanga tu. Ng'ombe wa maziwa wanakaa bandani majira yote ya baridi, sheria inataka kiangazi watoke nje wapate malisho, basi siku ya kuwafungulia imekuwa sherehe, watu wanakuja na watoto kuangalia. Mlango ukifunguka ng'ombe mzima na kiwele chake anatoka anarusha mateke, mkia juu, anaruka kama ndama. Dakika chache tu halafu kichwa chini anakula.

Sasa Groos atasema nini hapo? Huyo ng'ombe anajifunza nini na umri ule? Kwangu hiyo ni Spencer, nguvu zilizofungiwa. Au ni furaha na tukubali tu kuiita furaha.

#34 MzeeWaKete

Furaha. Nimeipenda hiyo.

#35 DaktariWaMifugo_kijana

Ng'ombe wa Uppsala ananipa shida nakubali ni swali zito. Lakini kuna maelezo ya tatu, 2001 Marek Špinka, Ruth Newberry na Marc Bekoff waliandika kwamba mchezo ni mazoezi ya kupatwa na jambo la ghafla. Mnyama anajiweka makusudi kwenye hali ya kukosa udhibiti, anaruka vibaya, anajipinda hewani, anatua upande, ili mwili ujue namna ya kujirudisha na moyo uzoee kushtuka bila kupagawa. Soma tena alichoandika Mgogo hapo #17, kiuno kinapinda, kinatua ubavu ubavu, kinashangaa. Kama ingekuwa ni mazoezi ya kuruka tu kingeruka vizuri. Kinaruka vibaya kwa makusudi.

#36 Mgogo_wa_Zizini

Hiyo sasa imeniingia. Maana siku mbwa alipoingia zizini wale wakubwa walirundikana pamoja kwenye kona, vile vya mwezi mmoja na nusu vilimpita mbwa juu.

#37 PwaniYaKilwa

Lakini mchezo una gharama jamani msiusifie tu. Kuna uchunguzi wa Robert Harcourt wa 1991 kwa sili wa Peru, watoto wao wakicheza pembeni ya maji simba bahari wanakuja kuwakamata, na wengi wa waliokamatwa walikuwa katikati ya mchezo. Kwa hiyo kama maumbile yameuacha mchezo uendelee licha ya hayo basi faida yake ni kubwa, haiwezi kuwa nguvu zilizobaki peke yake.

#38 KiberenGe_Uppsala

Au faida sio lazima iwe kubwa, inatosha hasara iwe ndogo kwa wengi. Mbuzi wa zizini nani anamkamata?

#39 PwaniYaKilwa

Fisi. Muulize Mgogo.

#40 Nahau_Kavu

Wakati mnabishana na fisi nirudi kwenye maneno kidogo maana kuna kichekesho. Kwa haki kabisa mbuzi ana neno lake mwenyewe na sio gambol. Ni "caper", miaka ya 1590, inaaminika ni kifupi cha "capriole", mruko wa farasi, Kiitalia kutoka kwa jina la paa mdogo, na mwisho wa safari ni Kilatini "caper" ambaye ni beberu. Mwalimu angetaka kumsahihisha binti kitaalamu angemwandikia "capered".

#41 MshairiWaNgamiani

Hapana hapana, "caper" leo imeshaharibika, ukisema mtu ana "caper" wanafikiria wizi wa kwenye filamu au utundu. "Gambol" imebaki safi. Binti kachagua vizuri.

#42 Mpishi_Oman

Na mimi "caper" naijua ya kwenye chupa, vile vitumba vya kijani vya siki tunavyoweka kwenye samaki. Nayo ni ya mbuzi?

#43 Nahau_Kavu

@Mpishi_Oman hiyo ni ya Kigiriki, jina la mmea, haihusiani na beberu hata kidogo.

#44 SajentiMpole

Na "frisk" je? Kwenye kamusi nimeona ni kuruka ruka kwa furaha na pia ni kumpapasa mtu mifukoni kumkagua.

#45 Nahau_Kavu

Neno moja kweli. La kuruka ndio la kwanza, limetoka kwa Wafaransa likiwa na maana ya uchangamfu, la kupapasa lilikuja baadaye. Vidole navyo viliruka ruka mifukoni labda.

#46 MamaNeema_Dom

Nimerudi. Neema kasoma uzi wote anauliza, angeandika kwa Kiswahili angesemaje? Maana anasema "kuruka" peke yake haitoshi.

#47 TichaMstaafu

Kurukaruka, na unaongeza kwa furaha.

#48 MshairiWaNgamiani

Ipo "kuranda". Siku hizi watu wanasema mtu anaranda randa mtaani hana kazi, ila wazee walikuwa wanaitumia kwa kucheza kwa furaha, na kwa wanyama pia. Vibuzi viliranda. Mwambie Neema aandike hivyo.

#49 Mwl_Chaki

Akiandika viliranda mwalimu wa Kiswahili atamuuliza vilikuwa vinatafuta kazi gani. Aandike vilirukaruka vikirusha mateke, mtihani usije ukambania.

#50 OleKajiado254

Sisi Nairobi tungesema zinaruka majoka 😄

#51 MshairiWaNgamiani

@Mwl_Chaki tukiwa tunaogopa wasahihishaji kila neno litakufa. Hapo #1 tumekasirika mwalimu kutojua neno la watu, la kwetu wenyewe tunamwambia mtoto aliache?

#52 Mwl_Chaki

Sijasema aliache. Nimesema kwenye mtihani. Kwenye daftari lake la hadithi arande mpaka achoke.

#53 Mgogo_wa_Zizini

Daktari nina swali la mwisho, hapa nina pacha mmoja alizaliwa wiki tatu zilizopita, mwenzake anaruka kila jioni, huyu tangu juzi amekaa pembeni tu anaangalia. Ananyonya vizuri. Ni tabia yake au nihangaike?

#54 DaktariWaMifugo_kijana

Hangaika. Kibuzi wa wiki tatu akiacha kuruka wakati wenzake wanaruka hiyo ni dalili kabla hata hajaacha kunyonya. Angalia nyuma kama mkia umelowa au una kinyesi kimegandia, vuta kope ya chini uone kama ndani ni nyekundu au imepauka, na mshike magoti uone kama yamevimba. Umri huo huko kwenye mazizi yenye unyevu mara nyingi ni coccidia, vimelea vya utumbo vinavyoharisha, inaanza.

#55 Mgogo_wa_Zizini

Mkia umelowa. Kope sijaangalia giza limeingia. Kuna unga wa dawa niliubakiza wa mwaka jana nimpe?

#56 DaktariWaMifugo_kijana

Usimpe hiyo. Mtenge na wenzake usiku huu aendelee kunyonya, badilisha majani anayolalia yawe makavu, kesho asubuhi chukua kinyesi kibichi kwenye kifuko kisafi upeleke kwa ofisi ya mifugo ya kata wakipime. Na pacha mwenzake mpime pia hata kama anaruka.

#57 Mgogo_wa_Zizini

Sawa daktari. Nawasha tochi nikamtenge.